Maji Yako Chini ya Mchikichi

Mpenzi wangu Baba Furaha,

Mdogo wake Furaha amelala mgongoni, nami naandika nimesimama, maana nikikaa tu usingizi utanibeba. Sijui huko Kabambare kwenye machimbo unalala wapi. Hapa kwetu, upande wa Kasongo, kitanda chako kiko palepale.

Unakumbuka siku ile wazee wa komite ya maji walipochagua mahali pa kujengea chemchemi? Ilikuwa masika, maji yako kila mahali. Sisi wamama tulibeba mawe kichwani, wewe ulikoroga simenti. Nilikunong'oneza, "Hapa kiangazi panakauka. Maji yanabaki kule chini ya mchikichi." Ukacheka: "Eh, mama injinia! Beba jiwe lako." Jioni ulinikanda shingo kwa mafuta ya mawese. Lakini sikusahau.

Kiangazi hiki bomba lilitoa upepo tu. Tukarudi kuchota kwa kikombe kwenye vishimo chini ya mchikichi, na Furaha akashikwa na tumbo. Amepona, usiogope.

Juzi chefu wa kijiji aliita mkutano. Wanaume wakaanza tena kuonyeshana mahali. Nikasimama na mutoto wangu mgongoni: "Samahani, wazee. Nani kati yenu amechota maji wiki hii? Anyooshe mkono."

Mzee mmoja akanung'unika, "Mwanaume abebe bidoni la maji? Watu watasema nini?"

Mama yako mzazi akamjibu palepale: "Basi asiyejua njia ya kisimani asituongoze!"

Vigelegele, we! Tukawapeleka kwenye mchikichi, wamama mbele. Nilifukua kwa kiganja tu, maji yakaja. Chefu akanywa, akachomeka fimbo yake pale. Hapo ndipo tutajenga chemchemi mpya. Sasa nusu ya komite ni wamama, na mimi ndiye ninayetunza sheria za maji.

Ndiyo maana nakuandikia mapema. Nimekukumbuka sana. Ukirudi nitakupikia sombe ya majani ya muhogo na samaki, na shingo yako nitaikanda mimi. Lakini karai lako la kuoshea mchanga wa dhahabu lisionekane upande wa juu wa chemchemi, lisituchafulie maji. Tumekataza kila mutu, na nilipoisoma sheria hiyo mbele ya watu, uso niliouona ni wako.

Tena kila nyumba iko na zamu ya kusafisha mfereji. Yetu ni Jumamosi. Jina nililoandika ni lako, si langu.

Njoo salama.

Mama Furaha, injinia wako