Shali ya Mama Mkwe na Mkono wa Fundi Viatu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize ndipo uendelee kusoma. Mimi ni fundi viatu, mtu mzima mwenye kitambi na miwani, na kinachonikosesha raha ni shali. Mama mkwe wangu, ambaye siku hizi tunaishi naye, alikuwa anamfumia binti yetu shali ya lesi ya kuvaa siku ya harusi, nyepesi kama utando wa buibui, na alipofika nusu macho yakamgoma, mtoto wa jicho, na mke wangu hajui kufuma wala hataki kujua, basi mimi na kiherehere changu nikasema mezani mbele ya wote kwamba mama asihangaike, kushona nimeshona maisha yangu yote, anifundishe nitamalizia.

Akanifundisha kwa kupapasa, na nikajua kufuma, ila mkono wangu ni wa viatu, mshauri, kwetu uzi usipovutwa mpaka ulie mteja anarudi na soli mkononi, kwa hiyo kila kitanzi nikishakitia kwenye sindano nakivuta bila hata kutaka, vitanzi vinaibana sindano hata havisogei, mpaka nimeanza kuvichokonoa kwa msharasi wangu wa kutobolea ngozi, na sindano moja ya mti nimeshaivunja. Nusu ya mama mkwe ni lesi. Nusu yangu ni turubai. Maua yake yana matundu ya kupitisha upepo, yangu hayapitishi hata maji, na shali yenyewe imeanza pana ikaishia nyembamba kama mguu wa soksi. Mke wangu aliitazama, akaniuliza kwa upole kama ni ya kuvaliwa au ya kufungia mizigo.

Sasa aibu yenyewe ni hii. Kila jioni mama mkwe huniambia, "Lete nipapase, baba," na mimi, Mungu anisamehe, nampa ile ncha aliyofuma mwenyewe. Anaipitisha vidoleni taratibu, anatabasamu, anasema, "Mkwe wangu, mkono wako sasa umelegea." Naitikia ahsante mama huku jasho linanitiririka mgongoni kama mwizi wa kuku. Na jana ametangaza kwamba siku ya harusi ni yeye atakayemvisha mjukuu wake hiyo shali mabegani, kwa mikono yake. Akiishika yote, nimekwisha. Dukani nimeona moja inayofanana nayo. Ninunue niseme ndiyo hiyo, au niseme ukweli nipoteze heshima yote niliyojijengea kwake tangu nilipooa?

Fundi Mkono Mzito

*

Fundi,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu, sasa tulia nikuseme. Ukungu umo machoni mwa huyo mama, si vidoleni. Wewe ukipewa gizani kiatu ulichokishona, utashindwa kukijua? Basi mtu aliyefuma tangu wewe hujajua kufunga kamba za viatu, asijue kitanzi chake mwenyewe? Anajua tangu jioni ya kwanza. Anaposifu mkono uliolegea anajisifu yeye, kwa haki kabisa, na ukigeuza mgongo nadhani anacheka na binti yake mpaka machozi. Katika nyumba hiyo asiyeona ni wewe.

Ya dukani iache huko huko. Mama wa watu amekukabidhi kazi ya mikono yake, nawe unataka amvishe mjukuu wake kazi ya mashine? Heshima ya mkwe haipotei kwa kufuma vibaya. Inapotea hapo.

Tuje kwenye huo mkono. Tafuta sindano nene kuliko hizo. Kitanzi kiundie kwenye unene wa sindano, siyo kule kwenye ncha iliyochongoka, maana ukikifumia nchani kinazaliwa kidogo na hakikui tena. Uzi upitishe kati ya vidole uteleze wenyewe, na kitanzi kikishaingia, kiache. Usikivute hata kwa kukiaga. Shali haikanyagi lami, haina soli ya kubanduka. Shusha mabega, na usifume ukiwa umetoka kugombana na mteja. Anza na kipande cha majaribio, na usiifume shali mpaka uone vitanzi vinatembea kwenye sindano bila kusukumwa. Shali ikiisha kufumwa, iloweshe, ikamue kwa taulo, itandaze kitandani, ivute pande zote uibane kwa pini mpaka ikauke. Hapo ndipo maua ya lesi hufunguka. Kumbe kuvuta kupo, fundi, ila wewe umevuta mapema.

Turubai lako, hata hivyo, haliponi kwa maji. Lifumuliwe, na lifumuliwe leo. Jioni akikuambia lete nipapase, mpe ncha yako. Usitoe hotuba. Mwambie tu, "Mama, hii ndiyo niliyofuma mimi," halafu mtie mwisho wa uzi mkononi avute mwenyewe. Atacheka, nawe utastahili. Keti karibu yake uuzungushe uzi uwe donge kadiri anavyofumua, na akishafika kwenye lesi yake mwombe akuanzishie mstari mpya. Uzi ukigoma kutoka, kwa jinsi ulivyoukaza, vuteni wote wawili.