Joto Ambalo Macho Hayalioni

Robi mjukuu wangu, marahaba. Huku Nyamwaga tu wazima, bibi yako anapukuchua mahindi.

Unauliza kama naamini kuwa karibu na kitovu cha galaksi kuna gesi yenye joto kali, ambayo macho hayaioni mpaka darubini inase eksirei zake.

Naamini. Bibi yako nilimwoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yangu Bhoke, kama desturi yetu Wakurya. Bhoke alitaka kuendelea na shule. Ng'ombe walipofika aliwafungulia zizi mwenyewe, kimya, nami nikamwambia baba, "Huyu ameridhika."

Sikuwahi kumuuliza. Juzi tumemzika, na sandukuni mwake tumekuta daftari lake la darasa la saba, amelifunga kwa kitenge kipya.

Babu yako.