Unyayo wa Seni

Iringa, Machi 1975

Kwako Baba Seni,

Ndiyo, bado nakuita hivyo. Sisi tunapumua. Mwanao anaota meno, usingizi sina.

Barua yako nimeipata. Eti alama ya unyayo aliyokuletea mama yako kwenye karatasi ni bapa, na nyayo za kwenu zina uvungu, kwa hiyo mtoto si wako. Malimi, na wewe ni mchonga mihuri Mwanjelwa! Siyo wewe uliyekuwa unanigombeza nikikusaidia kugonga mihuri, "Polepole, mke wangu! Mpira laini ukiukandamiza unatanuka, kishimo cha katikati kinashuka kwenye karatasi, herufi O inakuwa doa"? Sasa mama yako alikipaka wino kiguu cha mtoto, akakikandamiza kwa viganja viwili kama anakanda unga, mtoto analia. Nyama ya mtoto ni ngumu kuliko mpira wako?

Ukimwinua mguu, uvungu unauona. Naubusu kila nikimwogesha. Ila karatasi nyingine sikutumii. Anabatizwa Pasaka. Usipokuja kumshika mwenyewe, atashikwa na baba yangu Silvester, na jina la ukoo litakuwa la kwetu.

Mimi, ambaye mpaka Pasaka bado ni mkeo,
Verediana