Njoo Bila Baruti, Mjomba

Mgeta, Morogoro
14 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba Yunusi,

Shikamoo. Hamjambo huko Sikonge? Goti limepata nafuu, au bado unapanda miti kukagua mizinga yako kama kijana? Sisi hatujambo. Baridi ya huku unaijua, tunalala na makoti.

Mjomba, nisikuzungushe. Hafidha wangu anatolewa mwali tarehe saba Septemba, na mama mdogo Asha ameshalishusha gobore lako kutoka darini. Kila siku analisugua mafuta barazani huku akiimba. Mimi nikipita pale natazama ukutani.

Yaliyonipata mjini mwaka jana uliyasikia, ila sikukusimulia yote. Majambazi walipoingia dukani, mimi na Veronika, mwenzangu wa kazi, tulikuwa tunapanga vitenge. Risasi ya kwanza ilinipata begani. Ya pili ilimpata yeye, akafia mikononi mwangu. Watu wanaliona bega, wanasema Mosi amepona.

Sijapona, mjomba. Juzi tukipakia kabichi, dereva alibamiza bodi la lori, nikajikuta nimelala kifudifudi matopeni, nimeziba masikio. Wapakiaji walicheka kwanza, kisha wakaniinua. Nilisikia aibu mpaka leo sijarudi pale.

Kila mwezi nateremka mjini kuzungumza na mshauri. Nalia sana kule, lakini nikirudi napata usingizi siku mbili tatu. Ni kidogo, ila nashukuru.

Habari za lori zilimfikia Hafidha huko ndani anakofundwa. Akaniambia, "Mama, kama lazima bunduki ilie, basi mimi nibaki humuhumu." Mtoto wa juzi tu! Mimi ndiye wa kumlinda, sasa yeye ananilinda mimi. Hilo linaniumiza kuliko bega.

Mama mdogo hataki kusikia. Kila mwali wa nyumba hii alipotoka, mjomba alipiga gobore. Hata mimi ulinipigia, nikaruka kwa furaha. Anasema bila mlio watu watadhani mtoto ametolewa kwa kificho, kana kwamba ana doa. Simlaumu, ndivyo alivyolelewa. Lakini neno la mwisho ni la mjomba, si langu wala lake, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Nakuomba, njoo bila baruti. Simama mlangoni, umwite Hafidha kwa jina lake mara tatu, kwa sauti ileile uliyokuwa ukituitia kutoka ng'ambo ya bonde tukichelewa shambani. Hakuna atakayesema hakusikia. Nami nataka kuwa nimesimama kwa miguu yangu mwanangu anapotoka, nimwone.

Ukikubali, mpigie mama mdogo mwenyewe. Mimi hanisikilizi.

Nisalimie mama Hamza, na Hamza mwambie kofia yake bado ipo kwangu. Mwenyezi Mungu akufikishe salama, mikono mitupu.

Mpwa wako akupendaye na anayekungoja,
Mosi