Maji ya Ufipa hayachemki kwa mia

Jumatano. Sumbawanga kuna upepo tangu asubuhi, na ninaandika haya nikiwa na koti mwilini. Nimerudi kutoka Matai saa kumi jioni.

Niliitwa kuripoti wizi. Wizi haukuwepo. Kulikuwa na kosa, na sehemu kubwa ya kosa hilo ni langu.

Nianze na mambo yalivyo. Kijiji kimoja upande wa Matai kina kikundi cha wafugaji na wakulima wanaonunua chanjo ya ng'ombe kwa pamoja. Wamo Wasukuma wenye makundi makubwa na Wafipa wenye maksai wawili wa kulimia. Chanjo yao hukaa kwenye friji moja, nyumbani kwa mama mmoja ambaye hapa nitamwita Mama Deo. Ufunguo wa friji ni wake peke yake. Alichaguliwa kwa sababu ni mtu wa kuandika kila kitu.

Mwezi wa tatu walichanja ndama dhidi ya chambavu, ugonjwa unaovimbisha misuli na kuua ghafla. Mwezi wa tano ndama saba waliochanjwa wakafa kwa chambavu hiyohiyo, paja limevimba. Watatu kati yao ni wa Masanja, mwenyekiti wa kikundi. Maneno yakaanza: Mama Deo ameuza chanjo nzima na kujaza maji kwenye chupa. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumnyang'anya ufunguo, nami niliitwa ili itangazwe redioni, eneo zima lijue.

Nilifika nikiwa nimeshaandika kichwani sentensi ya kwanza ya habari. Miaka ishirini na mbili kazini, na bado nafanya hivyo.

Mama Deo alitufungulia friji bila kuombwa mara mbili. Ndani zilikuwemo chupa za chanjo iliyopangwa kuchanjwa Ijumaa hii na kipimajoto kirefu cha kioo, kama vile vya maabara ya shule, alichonunua Kasesya mpakani. Kilikuwa na safu mbili za namba, moja kila upande. Juu yake kulikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu ya bluu: ONGEZA 6.

Masanja alizishika zile safu mbili kama ushahidi. Upande huu namba ndogo, upande ule kubwa. Ya kutuonyesha sisi ipi na ya kwake ipi? Nikamweleza kwamba ni baridi ileile, imehesabiwa kwa vipimo viwili. Selsiasi huanza na sifuri pale maji yanapoganda. Farenhaiti, maji yakifika hapohapo, tayari inasoma thelathini na mbili. Akafikiri kidogo, akasema basi ni kama debe na kilo, mahindi ni yaleyale. Sikuwa na mfano bora kuliko huo.

Nikamuuliza Mama Deo hiyo sita ni ya nini.

Alijibu kwa utulivu, kama mwanafunzi anayejua hesabu yake. Aliponunua kipimajoto alitaka kuhakikisha ni kizima. Akachemsha maji kwenye sufuria, akakitumbukiza. Kikapanda hadi tisini na nne kikagoma. Maji huchemka kwa mia, kila aliyesoma anajua. Kwa hiyo kipimajoto kilikuwa kinapunja sita, naye tangu siku hiyo huongeza sita kila anaposoma. Chanjo inatakiwa kukaa kati ya mbili na nane. Akatuletea daftari. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kanisani au shambani, aliandika namba mbili: aliyoiona na aliyoirekebisha. Sifuri, sita. Hasi moja, tano. Hasi mbili, nne.

Kurasa na kurasa. Hakuna siku iliyorukwa.

Nilirudia kuzisoma zile hasi. Nikamuuliza nani alimfundisha kupima kipimajoto kwa maji ya kuchemka.

Akaniangalia kwa mshangao. "Si wewe, kaka? Nilikusikia mwenyewe redioni."

Nilikumbuka mara moja. Kilikuwa kipindi cha asubuhi, mada ya vipimo nyumbani. Nilikiandaa kwa saa moja kutoka kwenye kitabu. Nilisema: tumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayochemka, kisome mia, kisiposoma mia, jua tofauti yake. Kitabu hakikukosea. Kiliandikwa kwa ajili ya watu waishio usawa wa bahari. Sisi tuko juu karibu mita elfu moja na mia nane. Hewa huku ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, nayo huanza kuchemka mapema, kwenye tisini na nne hivi. Ndiyo maana maharage yetu huchukua nusu siku jikoni. Nimezaliwa Ufipa, nimekula maharage hayo maisha yangu yote, na sikuwahi kuuliza.

Sasa naandika jambo ambalo sikulisema pale. Kwa muda wa pumzi mbili hivi nilipiga hesabu. Watu kama thelathini walikuwa uani, na aliyekikumbuka kile kipindi ni mama mmoja, tena mtuhumiwa. Ningeweza kusema amenielewa vibaya, na wangeniamini mimi.

Sikusema. Niliomba barafu.

Ilichukuliwa kwenye friza la duka la soda, ikapondwapondwa ndani ya kitambaa, ikajazwa kikombe cha bati na maji kidogo. Nilikoroga, nikatumbukiza kipimajoto, nikamwomba Masanja akishike yeye na asome yeye. Barafu inayoyeyuka haijali uko Kasanga ziwani au huku juu kwetu. Tofauti ni ndogo mno, jicho haliioni. Tulisubiri. Uzi ndani ya kioo ulishuka polepole, ukatulia.

"Upande huu sifuri," akasoma Masanja. "Huu mwingine thelathini na mbili."

Kipimajoto kilikuwa kizima. Kilikuwa kizima tangu siku kilipotoka Kasesya. Friji ndiyo iliyokuwa ikigandisha chanjo usiku na kuiyeyusha mchana mlango ukifunguliwa, na Mama Deo aliizungusha swichi kuelekea baridi kila alipohesabu nane ambayo kumbe ilikuwa mbili.

Masanja aliutazama mstari wa kioo, kisha akamtazama mama. "Ninyi Wafipa mmezoea baridi mno," akasema. "Hata friji mnaiona inawaka moto." Watu wawili watatu walicheka. Yeye hakucheka.

Afisa mifugo wa kata alikuwepo. Alichukua chupa moja ya Ijumaa, akaitikisa, akaiweka mezani. Chanjo nzima hubaki na ukungu wake muda mrefu. Hii ilikuwa na vichembe kama unga ulioshikana, na vyote vilizama chini tukitazama. Imeganda, akasema, na chanjo hii ikiganda imekufa. Hakuhitaji kueleza ndama wa mwezi wa tano.

Mama Deo alisimama kabla hajaulizwa. "Sikuuza hata chupa moja," akasema. "Lakini ndama nimewaua mimi." Kisha akakaa, mikono magotini.

Hapo nilisema yangu. Kwamba alifuata maelekezo yangu neno kwa neno, na kwamba kwa nyanda hizi maelekezo hayo ni ya uongo. Niliyasema kwa sauti ya kawaida, kwa sentensi nne. Nafurahi sikuzidisha.

Masanja, mtu aliyezika ndama watatu, hakuniambia pole. Aliniambia, "Mwandishi, ulikosea redioni, watu wa Namanyere wakasikia, wa Laela wakasikia. Leo unasahihisha hapa uani kwa mama?"

Nilimwambia kesho, redio ileile, saa ileile. Akatikisa kichwa kama anayesema tutasikia.

Kuhusu ufunguo walibishana karibu saa nzima. Wengine bado wanaamini mtu aliyekosea namna hii hafai kushika kitu cha wote. Masanja alilifungua lile daftari, akauliza nani mwingine kikundini angeandika kila asubuhi kwa miaka miwili, hata namba zinazomhukumu. Hakuna aliyejitokeza. Ufunguo umebaki kwake hadi shehena mpya ifike, na kwa sharti: barafu kwanza, mbele ya watu wote, ndipo chupa ziingie. Plasta aliibandua mwenyewe kwa kucha. Chupa za Ijumaa alikabidhi zote kwa afisa mifugo. Hakulia, na alituandalia chai.

Nikiwa njiani kurudi nilimpigia mhariri. Alitaka tuite "ufafanuzi". Nikamwambia ufafanuzi ni pale ulipokuwa sahihi ila hukueleweka. Mimi nilieleweka vizuri sana, na hilo ndilo tatizo. Kanipa dakika moja.

Nimeshaiandika, inatosha. Inasema mimi ndiye niliyekosea, inasema maji ya huku huchemka kwenye tisini na nne hivi, inasema tumia barafu inayoyeyuka, kipimajoto kisome sifuri au thelathini na mbili kutegemea safu unayosoma. Inawaomba wote waliorekebisha vipimajoto vyao kwa maneno yangu waache leo hii, na wenye chanjo waitikise chupa wakiwa na mtaalamu.

Nimeisoma mara tatu kwa saa ya mkononi. Sekunde hamsini na nne. Jina la mama halimo. Langu liko sentensi ya kwanza.