Kadi Inasema Nina Miaka Hamsini na Miwili

Garissa, 1996

Kwa kaka yangu Adan, Bute.

Assalamu alaikum, Abowe, kaka yangu mkubwa. Mimi ni mzima wa ulimi, alhamdulillahi, na mengine utayasoma humu. Wewe, mkeo na watoto mmeamkaje? Mama kifua kimetulia, au bado anakohoa alfajiri? Na yule ngamia mwekundu aliyemkataa mtoto wake, amemkubali, au kiburi chake ni kile kile? Hapa mvua hakuna, vumbi tele, na maziwa yanapungua sokoni kila wiki. Wateja wananung'unika kana kwamba mimi ndiye ninayeifunga mvua.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la mbuzi. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini nikaisoma tena kwa hasira. Umeniandikia mambo mawili. La kwanza, niiache kadi yangu ya kitambulisho kama ilivyo. La pili, nitulie, kwa sababu Ayeeyo, bibi yetu, aliishi na uvimbe wa titi miaka na miaka mpaka akafa kwa uzee. Abowe, nakuheshimu, wewe ndiye uliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule. Lakini yote mawili nayakataa, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu wakati mimi nikikatwa titi wewe ulikuwa Bute na habari umezipata kwa watu.

Unajua nilivyoanza. Kidonge kigumu kwenye titi la kushoto, hakiumi, kama kokwa ya tende chini ya ngozi. Abti Hassan, mjomba wetu, akasema mwanamke haendi hospitali peke yake, akanisindikiza. Alishika kadi yangu mkononi tangu langoni, na maswali yote aliyajibu yeye. Daktari ni mwanamke, mpole, anakuja hapa kutoka Nairobi kwa zamu. Aliuliza umri, Abti akaisoma kadi. Kisha akauliza kama bado ninapata siku zangu za mwezi. Abti aliangalia feni ya dari.

"Daktari, wacha maswali mingi," akasema. "Soma kadi bana. Hiyo kitu imekwisha zamani."

Na mimi nikanyamaza. Mimi ninayesikika soko zima nikiuza maziwa, nikainamisha kichwa nikaangalia viatu vya mjomba wangu. Sitamlaumu peke yake. Yeye aliona haya, nami nikaona haya, na kati ya haya zetu mbili ugonjwa ukapata njia.

Wewe unaijua hiyo kadi ilivyoandikwa, maana ulikuwepo. Lori la usajili lilikuja Bute mara moja, jua kali, na karani alitaka kumaliza mapema. Mama alikuwa mbele, mimi nyuma yake, nina miaka kumi na saba. Karani alimtazama Mama akaandika mwaka, kisha mstari mzima wa wanawake akatuandikia mwaka ule ule, tarehe moja Januari. Tukacheka njia nzima kurudi nyumbani, Mama ananiita pacha wake. Tangu hapo kwa serikali mimi na mama yangu tumezaliwa siku moja.

Basi titi likakatwa. Kidonda kilipona vizuri, na Yusuf, mume wangu, aliposhauriwa na marafiki zake kuoa mwingine aliwaambia yeye alioa mtu, hakununua mbuzi wa maziwa. Nilipewa tembe za kumeza kila siku, nikaambiwa nirudi baada ya miezi sita. Sikufika miezi sita. Kwapani pakavimba, tena upesi, na safari hii nilikwenda peke yangu. Abti nilimwambia nakwenda kununua madumu.

Nilikaa mbele ya daktari nikasema kabla hajaniuliza: "Mimi sina miaka hamsini na miwili. Nina thelathini na mitano. Siku zangu napata kila mwezi, na mtoto wangu wa mwisho nimemwachisha ziwa mwaka jana."

Aliweka kalamu chini. Akasema, "Habiba, nilipaswa kumtoa yule mzee nje nikuulize wewe." Niliona ameumia kweli, na nikampenda kwa hilo.

Ndipo akanieleza, nami nikamwambia aeleze polepole kwa sababu nitamwandikia kaka yangu. Sikiliza sasa. Kansa ya titi ni jina moja lakini si ugonjwa mmoja. Kwa mwanamke ambaye siku zake zimekoma, mara nyingi inakula homoni za mwili na inatembea polepole, na zile tembe zinainyima chakula. Kwa mwanamke kijana kama mimi, mara nyingi zaidi inakuja ya mbio, inagawanyika haraka, na mara nyingi zaidi haizisikii hizo tembe. Nilimuuliza kama ni lazima iwe hivyo. Akasema si lazima, wapo vijana wenye ya polepole na wapo wazee wenye ya mbio, na mwenye neno la mwisho ni kile kipande cha nyama kikiangaliwa kwa darubini. Lakini umri unamwambia daktari atazame wapi na aharakishe kiasi gani, na mimi nilimpa umri wa mtu mwingine. Yangu inataka dawa kali za dripu, zile za kuangusha nywele, na mionzi, na hizo ziko Nairobi.

Kwa hiyo usiniletee habari za Ayeeyo. Ayeeyo aliupata uvimbe wake akiwa na vitukuu, ukatembea naye kwa mwendo wake wa fimbo. Wangu una miguu yangu. Ukiandika "ya leo" juu ya dumu la maziwa ya juzi yatachacha tu, na mwili nao hausomi kadi.

Shida ni karani wa hospitali, yule wa karatasi za kwenda Nairobi. Si mtu mbaya. "Mama, mimi naandika kile kadi inasema," akaniambia. Faili yenye umri wa aina mbili huko hawaipokei, watadhani nimeazima kadi ya mtu. Anataka niape mbele ya ofisa wa serikali, pamoja na mtu aliyeniona nikizaliwa.

Hapo ndipo unapoogopa, na hofu yako naijua. Mwaka ule serikali ilipokagua kadi zetu kutafuta wageni, ulilala siku mbili uani chini ya bunduki huku Mama amesimama nje juani, mpaka mzee mmoja akaja kusema huyu ni wetu. Unaona nikisema kadi yangu ina uongo, watauliza na zenu, na tutaitwa wageni katika nchi tuliyowazikia babu zetu. Huenda wakauliza. Waulize! Uongo si wetu, ni wa mtu aliyekuwa na haraka na kalamu, na sitakufa ili kuulinda mwandiko wake. Nina watoto wanne, Abowe. Mficha uchi hazai, na mimi nimeshaficha vya kutosha.

Sasa la mwisho, ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Jana nilikwenda kwenye duka la taar, redio ile ya kupiga simu za mbali, nikaita Bute. Nikawaomba wamwite Mama kutoka nyumbani. Wewe ulikuwa shuleni ukifundisha. Unajua taar haina siri, spika iko wazi, na duka lilikuwa limejaa wanaume wanaongoja zamu zao. Nilisema yote mbele yao, titi, kwapa, siku za mwezi, yote. Mmoja alitoka nje. Wengine wakabaki.

Kisha nikauliza, "Hooyo, mimi nilizaliwa lini?"

"Mwaka wa mafuriko," sauti ikaja na mikwaruzo yake. "Nilikuzaa juu ya kichuguu, maji pande zote, wewe unalia na mbuzi wanalia. Nani anasema sivyo?"

"Kadi, Hooyo."

"Hiyo kadi ilikuwepo?"

Duka zima lilicheka, na mimi nikalia mbele za watu bila kuficha uso. Mama akasema anakuja na lori la Alhamisi, ataweka kidole popote watakapotaka. Basi sikuombi ruhusa, nakuarifu. Mtafutie nafasi mbele kwa dereva, asipandishwe juu na mbuzi kwa kifua kile. Na kama moyo wako utakuruhusu, panda naye, kwa sababu ulikuwepo kwenye ule mstari na nitafurahi kukuona. Usipokuja nitakasirika, lakini nitakwenda.

Nisalimie mkeo, na mwambie ajipapase matiti yake akioga, asingoje uzee. Msalimie Abti Hassan akipita huko, simchukii, ila hospitali hanisindikizi tena. Wasalimie watoto, na yule mwalimu wa Kitui aliyetufundisha kuandika, kama bado yuko. Mwambie Mama nimemtandikia karibu na dirisha.

Miaka hamsini na miwili naitaka sana, Abowe. Ila nataka niifikie kwa kuiishi.

Ni mimi dada yako,
Habiba