Wimbo wa saa nane

Mama,

Yule mgeni aliyeshuka kwenye boda asubuhi, ukampa chai kabla ya kumuuliza jina, ni Mihigo, mpiga kinanda wa kikundi chetu cha kuimba. Maharagwe yameiva, yanataka chumvi tu. Mdogo wangu Grégoire afunge mbuzi mbali na mihogo ya jirani.

Mihigo hakujua kwamba hujui. Aliposema naimba nao Mbarara kila Jumatano, ulinitazama ukasema, "Kumbe niko na ba Orpa babili, na mimi nilijua mumoja tu." Yeye akacheka. Wewe ukachukua jembe ukaenda shambani bila kunikemea, na hilo limeniuma zaidi.

Jumatano ni siku ya hesabu chuoni, somo nililofeli. Nilikwambia nimefeli kwa sababu mwalimu alikuwa mgonjwa. Hakuwa mgonjwa, Mama. Nisamehe.

Mihigo alikuja kuniita: leo saa nane kikundi kinaimba wimbo wangu redioni. Saa nane hiyo hiyo ndiyo mtihani wa kurudia niliokuahidi kuufanya. ~~Nitaomba chuo wanisogezee siku.~~ Hapana. Nimeenda kwenye mtihani.

Washeni redio. Wimbo nimeutunga mimi, lakini atauimba mwenzetu Umwiza badala yangu. Anaimba vizuri.

Kifungua mimba wako,
Orpa